Kitabu Kilichosomwa Jikoni Ndandalo

Mlinisindikiza stendi na sanduku la vitabu, nimerudi bila sanduku, na tangu nirudi kila mmoja wenu anapita dukani kwangu kuuliza kwa namna yake. Mama Tumaini amekuja mara mbili akijifanya ameleta gauni la kupunguza. Basi nimeona niandike, mpokezane wenyewe kama tunavyopokezana vitabu vyetu, nami nishone sare za watu kwa amani.

Mambo ya tiketi nayaruka. Nianze na lile nililowaficha siku ile. Mlijua nampelekea mwenzetu Atupele vitabu vya kikundi chetu cha kusoma, ili naye azungushe huko kwao Kyela alikohamia na mumewe mwaka jana. Kweli. Ila nilikuwa naenda pia kumwambia kwamba mimi basi, najitoa. Mnakumbuka Baba Rehema alivyokuwa anakaa kwenye kigoda karibu na pasi, ananisomea nikishona. Macho yangu kwenye sindano, masikio kwake. Riwaya zote mlizosema Mama Rehema kazimaliza, nilizimaliza hivyo. Alipofariki mwaka juzi nilijaribu kusoma mwenyewe. Nafungua, nasoma ukurasa, naurudia uleule, nafunga. Ninyi mnakuja kikaoni mnabishana kuhusu mwisho, na mimi sijafika hata harusini. Vitabu vikarundikana hadi nikawa nageuzia macho pembeni nikipita kwenye kabati.

Juu kabisa ya sanduku niliweka kile tulichoishia njiani alipolazwa, ile riwaya ya watu wa stesheni ya reli. Hicho ndicho nilitaka kitoke nyumbani kwangu kabla ya vingine vyote.

Morogoro hadi Mbeya

Sanduku lilikataa kuingia buti, konda akaliweka kwenye korido ya basi, na kuanzia Mikumi watu walilikalia kwa zamu. Riwaya zetu zimekaliwa na watu wengi kuliko waliowahi kuzisoma.

Jirani yangu kitini alikuwa baba mmoja mnene anayefanya kazi ya kuchimba visima. Nilikuwa nimekipakata kile kitabu, sikifungui, nimekishika tu. Akakiangalia muda mrefu, kisha akaniuliza kwa upole mitihani ni lini.

"Mitihani gani?"

"Si unasoma, mama? Wengi siku hizi wanarudia ukubwani. Usione aibu."

Nikamwambia ni riwaya, hadithi tu. Akanionea huruma zaidi. Kwetu mtu mzima akionekana na kitabu, watu wanadhani amefeli mahali. Lakini alikuwa mtu mzuri. Tulipofika Makambako alininunulia mahindi ya kuchemsha na kuniambia nisikate tamaa, mdogo wake alifaulu mara ya tatu. Nikamshukuru kwa niaba ya mdogo wake. Mbeya tuliingia jioni na baridi yake, nikalala gesti na koti mwilini.

Mteremko wa Tukuyu

Asubuhi nikapata gari la kuteremka. Mvua ilikuwa haijui kupumzika. Tulipoipita Tukuyu kidogo tukakuta lori la ndizi limelala barabarani, mikungu imetapakaa hadi kwenye mitaro, na magari yamepanga foleni pande zote mbili. Dereva akazima injini, akavua viatu. Nikajua hapo tumefika kwa siku hiyo.

Watu wa pale hawakupoteza muda. Wakatokea kina mama na chai kwenye chupa, ndizi za kuchoma, maparachichi makubwa. Mmoja akanikaribisha kwenye kibanda chake nisilowe. "Mugonile," akanisalimu. Nikajibu "ndaga" kama Atupele alivyonifundisha zamani, akafurahi, akaanza kuniporomoshea Kinyakyusa mpaka nikamwomba msamaha. Tukarudi kwenye Kiswahili. Akakiona kitabu.

"Kinahusu nini?"

Nikamwambia. Kuna mama ntilie wa stesheni, anaitwa Mwajuma, ameachwa na mume wa kwanza, hataki kusikia habari za mwanaume. Kuna mpishi wa treni, kila treni ikisimama anakuja kunywa chai kwake, na yeye mwenyewe ana jiko zima la chai kule ndani. Wenzake wawili waliokuwa wanachoma ndizi wakasogea. Nikawasimulia wanavyogombana, wanavyopatana, wanavyooana na umri umekwenda, hadi pale mpishi anapoanza kukohoa na kupelekwa hospitali.

"Halafu?"

"Sijui. Niliishia hapo."

Wakatazamana. "Na kitabu si hicho unacho mkononi?"

"Ninacho."

"Sasa si ufungue uangalie?"

Nikanunua ndizi nyingine ambayo sikuitaka, nikala nikiangalia vijana wakilisukuma lori.

Kasumulu, nisikokwenda

Njia ilipofunguka nilikuwa nimechoka hata kope hazibebeki. Nikalala. Nilipofumbua macho nikaona malori yamepangana, wabadilisha fedha wameshika mabunda, na vijana wanne wananyang'anyana sanduku langu. Gari lilikuwa limeipita njia panda ya Kyela, limenifikisha Kasumulu mpakani, na konda alidhani mwenye mzigo mzito namna ile lazima avuke kwenda Malawi.

"Mama, vitenge au vipodozi?" kijana mmoja akauliza, akapunguza sauti. "Nitakuvusha vizuri."

"Siendi popote. Ni vitabu."

Hakuniamini. Nikafungua sanduku pale pale. Wakajaa kutazama. Mmoja akainua kimoja, akakitikisa kama kuna kitu kimefichwa ndani, hakikudondoka kitu. Mama mmoja mfanyabiashara mwenye furushi la vitenge akacheka, akasema huo ndio mzigo wa kwanza aliouona mpakani ambao hakuna anayeutaka. Kisha akaomba kimoja. Nikampa. Kwa hiyo Mama Tumaini, kile cha yule mwanajeshi na mapacha kiko Karonga huko Malawi sasa, usikitafute.

Ndandalo

Atupele alinipokea njia ya kuingia Ndandalo, kijijini kwao, viatu mkononi, maana tope lilikuwa la kumeza ndala. Akanikumbatia, akalia kidogo kwa ajili ya Baba Rehema, kisha akaliona sanduku kwenye bodaboda, akacheka huku machozi hayajakauka.

Kwao ni nyumba kubwa ya matofali katikati ya migomba, jiko liko nje, na uani wametandaza kokoa kwenye majamvi zikauke. Harufu yake ni chachu, inapanda puani, ila ukilala nayo usiku mmoja huisikii tena. Akanipikia samaki mbasa kwa wali wa kwao. Wali ule ukiiva jirani anajua. Nilikula hadi nikalegeza kanga, ndipo nikamwambia: vitabu vyote hivi hapa, mimi najitoa.

Akakichukua kile cha juu, akakigeuza. "Hiki sijakisoma," akasema. "Kesho mchana utanikuta jikoni."

Kesho yake nikamkuta jikoni kweli, maharage motoni, amekaa kwenye kigoda na mgongo ameuegemeza ukutani, anasoma. Lakini anasoma kwa sauti ya kanisani. Nikamwuliza anamsomea nani.

"Najisomea."

Moshi ukanitoa nje. Upande wa pili wa ukuta ule ule, chini ya upenu, alikuwa amekaa baba mkwe wake kwenye kiti cha kamba, fimbo katikati ya magoti, uso ameuelekeza kwenye migomba. Mzee ana mtoto wa jicho macho yote mawili, anaona mwanga na vivuli basi. Nikamwamkia, nikakaa karibu naye.

"Baba, unasikiliza hadithi?"

"Nimekaa tu."

Basi tukakaa tu. Atupele aliponyamaza kukoroga maharage, mzee akakohoa, akaiambia migomba, "Leo huku kumenyamaza." Sauti ikarudi saa ile ile.

Nilikuwa naijua sehemu ile yote kwa sauti ya Baba Rehema. Mwajuma na masufuria yake, sawa. Akaingia mpishi wa treni. Sasa huyo mpishi ana jina, anaitwa Asajile, na Baba Rehema alikuwa analipenda jina hilo, analivuta kwa madaha kunichekesha. Atupele halisomi. Kila likitokea anasema "yule mpishi". Mara ya kwanza nikadhani ameruka. Mara ya pili nikadhani macho yake nayo yameanza kuchoka. Ya tatu nikashindwa kuvumilia, nikapaza sauti juu ya ukuta.

"Atupele, si yule mpishi! Ni Asajile! Ameandikwa Asajile!"

Jikoni yakabaki maharage yanachemka. Mume wa Atupele, aliyekuwa anageuza kokoa, akasimama na reki mkononi. Na mzee, kwa mara ya kwanza tangu nikae pale, akageuza uso upande wangu.

"Umeniita?"

"Hapana baba, nimemtaja mtu wa kitabuni."

"Anaitwa nani?"

Nami, mjinga wa wajinga, nikarudia.

Mume wa Atupele akaja kunichukua taratibu, akanipeleka nyuma ya nyumba kama mtu anayeonyesha mgeni mifugo. Hakukasirika. Akanieleza kwamba kwao mkamwana, yaani mke wa mtoto, hakai mbele ya baba mkwe wake. Wakikutana njiani, mwanamke anapita pembeni. Na jina lake halitamki, hata likiwa la mtu mwingine. Wengi siku hizi wameacha, wanatazama mpira na wakwe zao kochi moja. "Lakini mke wangu na baba wameendelea nayo, na hakuna anayewalazimisha. Wanaheshimiana hivyo."

"Na kusoma je?"

Akatabasamu kidogo. Mzee alipoacha kuona, akasema, alikuwa akishinda ameinama. Siku moja Atupele akasoma kwa sauti jikoni, labda kwa upweke, na kesho yake kiti cha mzee kilikuwa kimehamia upande ule wa ukuta. Tangu hapo yeye anajisomea, na mzee amekaa tu. "Hakuna aliyewahi kusema baba anasomewa na mkamwana. Likisemwa, itabidi likome. Sasa wewe umelisema, na jina juu."

Nilitamani ile kokoa inifunike. Mchana uliofuata Atupele alipika bila kusoma. Mzee akakohoa, akaiambia migomba kumenyamaza. Akangoja, akarudia. Hakuna aliyejibu. Chakula chake kilirudi kimeguswa pembeni tu, na jioni akaomba kiti chake kirudishwe kilikokuwa zamani, upande wa barabara.

Matema

Siku ya soko la vyungu Atupele alisema chungu chake kimepasuka, twende Matema. Hakikuwa kimepasuka. Alikuwa anaikimbia nyumba, nami nikafuata. Milima ya Livingstone inashuka mpaka inagusa maji ya ziwa pale, na kina mama wa Kikisi walikuwa wameshateremsha vyungu kutoka kwenye mitumbwi, wamevipanga mchangani juu ya majani. Atupele anachagua kwa kugonga na kiungo cha kidole, anasikiliza, anakitua, anagonga kingine. Sisi tulikula dagaa usipa wa kukaanga hadi vidole vikang'aa.

"Nimekuharibia," nikamwambia.

"Si mimi. Umemharibia yeye."

"Si uendelee tu kumwita yule mpishi?"

"Sasa anajua yule mpishi ni nani. Na huyo mpishi wako huko mbele, si anamtongoza Mwajuma?"

"Anamtongoza sana."

"Basi. Nimsomee baba mkwe wangu akitongoza?"

Tukacheka hadi mama wa vyungu naye akacheka bila kujua tunacheka nini. Atupele akajipangusa macho, akasema, "Utasoma wewe. Wewe si mkamwana wake, unaweza kukaa mbele yake na kumtaja unavyotaka."

Nikakataa. Nikamwambia ukweli wote, kwamba huko mbele yule mtu anaugua kifua, anapelekwa hospitali, na hapo ndipo Baba Rehema alipofunga kitabu akaniambia mbona na mimi kifua kinabana. Sitaki kujua kinachofuata. Nilikuja huku ili akisome mwingine.

Atupele akakaa akichora mchangani kwa kidole. Kisha akasema, "Unajua alikimaliza?"

"Nani?"

"Baba Rehema. Nilikwenda kumwona wodini ulipokuwa umerudi nyumbani kuoga. Nikamkuta yuko ukurasa wa mwisho. Akaniambia nisikuambie, atakuja kukusomea mwenyewe akitoka."

Mnaotegemea niseme nililia, ngojeni. Kwanza nilikasirika. Alimaliza bila mimi! Miaka yote ile hajawahi kusoma hata mstari nisipokuwepo, hata nikienda msalani ananingoja, halafu kile cha mwisho anakisoma peke yake kitandani. Nikamsema pale ufukweni kwa sauti, jina lake kamili, mbele ya vyungu vya watu. Halafu ndiyo nikalia. Mama wa vyungu akaja akanishika bega, akamwuliza Atupele nimefiwa na nani. Atupele akamwambia, na yule mama akakaa nami mchangani, akaacha wateja wake wagonge vyungu wenyewe.

Ndandalo tena

Niliuchukua mkeka nikautandika miguuni kwa mzee, upande wa barabara. Nikamwamkia, nikaomba radhi kwa kutaja jina lake hovyo. Akasema hana neno, ni siku nyingi hakuna aliyemwita hivyo kwa nguvu, wote waliokuwa wanaweza wamekwisha. Kisha akauliza, kama mtu asiyejali, "Yule wa kitabuni ana kazi gani?"

"Mpishi wa treni."

"Mimi nimelima mpunga tu." Akafikiri. "Na kiti hiki kimekaa vibaya. Nirudishieni kule."

Tukakirudisha ukutani. Nikafungua kitabu. Mistari ya kwanza sauti ilinitoka kama ya mtoto anayesomeshwa ubaoni, nikaruka maneno, nikarudi. Mzee hakuniharakisha. Nikasoma mchana huo na mchana mwingine na mingine. Maoni yake bado aliipa migomba. Asajile alipompelekea Mwajuma sufuria mpya badala ya kanga, mzee alisema huyo mtu ana akili. Alipoanza kumbembeleza kwa maneno marefu, akasema, "Sasa anasema yote siku moja, kesho atasema nini?" Jikoni mwiko ukagonga chungu kwa nguvu. Atupele alikuwa anacheka. Nikatambua kwamba yeye ambaye amesoma kwa ajili ya nyumba nzima hajasomewa na mtu tangu ahamie huku, nikaongeza sauti.

Tukafika kwenye ule ukurasa. Niliujua hata kabla ya kuufungua. Nikasimama kidogo, nikanywa maji, nikapita. Asajile akalazwa. Mwajuma akawa anafunga genge mapema kumpelekea uji. Jicho langu likatangulia chini ya ukurasa, likaona.

Nikamtazama mzee. Siku zile alikuwa amekonda, na usiku alikuwa anakohoa. Ningeweza kubadilisha. Atupele hajakisoma, mumewe hasomi, na mwandishi hayuko Ndandalo. Ningempandisha Asajile kwenye treni akiwa mzima na hakuna ambaye angenishika. Jikoni mwiko ulikuwa umetulia. Lakini Baba Rehema aliusoma mstari ule ulivyo, peke yake, na yeye ndiye aliyekuwa kitandani. Nikausoma ulivyo.

"Amekufa," mzee akasema. Aliniambia mimi, si migomba.

"Amekufa, baba."

Akaizungusha fimbo yake kiganjani. Nilikuwa naogopa kuinua macho.

"Na kitabu kimeisha?"

Nikashika kurasa zilizobaki kwa vidole viwili. "Bado. Zipo nyingi kidogo."

"Za nani sasa?"

Nikafunua, nikaangalia huku na huku, nikaona jina lile lile kila mahali.

"Za Mwajuma."

"Basi soma," akasema. "Tumwache pale stesheni peke yake?"

Nikajifuta uso kwa kanga, nikasoma.